Ng'ombe Wanne wa Tangawizi

Kwanza niseme hili, maana najua ukoo wangu utasoma: mimi sikutaka kuvunja harusi ya dada yangu. Nimelisema miaka nenda miaka rudi, kwenye ubatizo, kwenye matanga, hata siku moja hospitalini nikiwa na sindano ya maji mkononi, na kila mara hutokea mjomba mmoja akacheka na kusema, "Ee, tunajua." Hawajui kitu. Wanaojua ni sisi tuliokuwa uani siku ile, yaani mimi, mama, na sufuria la mchanga.

Tulikaa Bwiza, mtaa wa mjini, vyumba vitatu nyuma ya baa. Baba alikuwa amefariki zamani, kabla ya vita, kwa maradhi yake mwenyewe bila kusaidiwa na mtu. Mama alizaliwa Uvira, upande wa pili wa mpaka, na Kirundi chake kilikuwa cha sokoni tu. Dada alikuwa amekaribia miaka thelathini. Alikuwa mpole, mrefu, wa maneno machache. Mimi nilikuwa na ishirini na mbili na mdomo wa watu watano. Mama alisema Mungu alipogawa maneno nyumbani kwetu alilala usingizi kwenye zamu yangu, mkono bado unamimina.

Dada alikuwa na mchumba, karani wa serikali kutoka mtaa wa Ngagara, kijana wa adabu ambaye hata kupiga chafya aliomba radhi kabla. Walipendana kweli. Lakini harusi ilikuwa imeahirishwa mara tatu. Mara ya kwanza barabara zilifungwa. Mara ya pili kwao kulikuwa na msiba. Mara ya tatu ilikuwa shangazi yake, mwanamke aliyemlea tangu mdogo, ambaye alitamka mbele ya watu kwamba msichana wa Bwiza amezaliwa katikati ya baa mbili na hawezi kujua kuweka nyumba. Uongo. Baa ilikuwa moja.

Sasa wazee wao walikuwa wanakuja Jumamosi kupanga tarehe, na kila mtu alijua kwamba hii ndiyo mara ya mwisho. Shangazi alikuwa ameshamtafutia msichana mwingine, mwalimu, nyumba ya tatu kutoka kwake. Ikiharibika Jumamosi, basi imeharibika. Dada hakulalamika. Alipiga pasi gauni lake jipya Jumatano, akalipiga Alhamisi, na Ijumaa nikamkuta ameshika pasi tena, haina hata makaa ndani.

Hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Kabla mambo hayajawa mabaya nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili jikoni kwa mama mmoja wa Kizungu, kule juu kwenye nyumba za bustani. Yeye ndiye aliyenifundisha biskuti za viungo: tangawizi, mdalasini, karafuu, asali, unga, majarini. Kila mwezi wa Krismasi nyumba nzima ilinukia mpaka mlinzi wa getini alikuwa akipata visingizio vya kuja kuuliza saa. Vita vilipokolea yule mama akafunga masanduku, na mimi akanipa kikatio cha bati, kile cha kukatia unga ukishasukumwa. Kilikuwa na umbo la mnyama mwenye miguu minne myembamba na pembe kubwa zilizopanda juu. Alinieleza kwamba ni mnyama wa nchi za baridi, anavuta kigari cha mzee mwenye ndevu juu ya theluji. Nilimsikiliza kwa heshima. Lakini mimi nina macho: miguu minne, pembe ndefu kwenda juu. Ng'ombe huyo. Wazungu waliona ng'ombe wetu wa pembe ndefu, wakarudi kwao na kumtungia hadithi.

Mama naye nilimwonyesha. Akakigeuza geuza.

"Iko na miguu ine, iko na pembe," akasema. "Sasa inaweza kuwa nini ingine? Ni ngombe."

"Si ndiyo! Tutawapa wakwe biskuti za ngombe."

"Ah, iyo ni adabu kabisa. Wataona tunaheshimu ngombe zao."

Na hapa lazima nieleze hao ng'ombe zao. Miaka mitatu kabla, wazee wa Ngagara walikuwa wamekuja kutoa mahari. Mahari ni ng'ombe, na waliafikiana ng'ombe wanne. Ila hakuna aliyeweza kupanda vilimani kwenda kutafuta ng'ombe wakati ule, kwa hiyo ng'ombe walikuja ndani ya bahasha. Hilo halikumzuia msemaji wao kuwasifu. Alisimama, akaishika ile bahasha kwa mikono miwili, akasifu pembe zake, akasifu mwendo wake, akasema mmoja ana doa jeupe kwenye paji la uso na amezaa ndama jike. Baba mkubwa wangu, kaka wa marehemu baba, aliyekuwa msemaji wetu, akapokea bahasha na kuuliza kama huyo wa doa anapiga teke. Wakamjibu hapana, ni mpole. Sote tulipiga makofi. Sisi wa Bwiza, ng'ombe tuliyemjua kwa karibu ni yule wa kwenye mshikaki, kwa hiyo tuliona ni maigizo mazuri tu, na bahasha ikaenda sandukuni kwa mama.

Ijumaa nikaanza kazi. Sukari ilikuwa imepotea madukani kwa sababu ya vikwazo, lakini asali niliipata kwa mama mmoja wa sokoni aliyenipimia huku akiangalia pembeni, kana kwamba tunauziana bunduki. Unga tulikuwa nao. Oveni hatukuwa nayo, na hapo ndipo sufuria la mchanga linapoingia: unachukua sufuria kubwa la harusi, unamwaga mchanga wa ziwani chini, unaweka mawe matatu, juu yake sahani ya bati yenye biskuti, unafunika, halafu makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Ni oveni kamili. Kasoro yake ni kwamba huoni ndani, na mimi sikuumbwa na subira.

Nilisukuma unga kwa chupa ya bia. Kwa jumla siku ile nilikata ng'ombe thelathini. Kundi la kwanza nilifunua mapema, wakaanguka katikati. Kundi la pili nilikasirika nikaacha kufunua, wakatoka weusi ti. Kundi la tatu walitoka wazuri, rangi ya ule udongo mwekundu wa mkoa wa Ngozi, ila ukimshika ng'ombe miguu inabaki kwenye sahani. Miguu ile ilikuwa myembamba mno, sijui huko kwenye theluji wanasimamaje. Nikapiga kelele, nikatupa taulo, nikamlaumu mama kwa kupumua karibu na makaa. Mama akajibu kwamba tatizo ni tangawizi haitoshi, kwa sababu tangawizi inakaza. Sijawahi kusikia fundi mwingine akisema hivyo. Lakini nilipokwenda kuomba makaa kwa jirani, alichukua unga wote uliobaki akautia tangawizi yote iliyobaki, mzizi mzima wa ukubwa wa kiganja, na nilipoonja nilikohoa mpaka machozi yakanitoka.

Nikaukata na kuuoka hivyo hivyo. Basi, kati ya ng'ombe thelathini, waliotoka wazima na miguu yao yote na pembe zao zote walikuwa wanne, wote wa unga huo wa mama.

Nilifurahi! Ndiyo, niandikeni hivyo. Wazee waliotazamiwa kuja kwa ajili ya mazungumzo walikuwa wanne, na mimi nina ng'ombe wanne. Nilimshukuru Mungu kwa kunifanyia hesabu. Waliovunjika tuliwala wenyewe na watoto wa jirani, na wale wanne nikawafunika kwa kitambaa.

Jumamosi baba mkubwa alifika mapema kutoka Buterere, viatu mkononi kwa sababu ya matope ya huko, akaosha miguu bombani na kuvaa koti. Saa kumi wageni wakaingia: baba mdogo wa mchumba, ambaye ndiye msemaji wao wa sauti nzito; shangazi, aliyekaa kwenye ukingo wa kiti ili gauni lake lisiguse nyumba yetu zaidi ya inavyolazimu, na wazee wawili waliokuja, nadhani, kwa ajili ya bia. Mchumba mwenyewe alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango. Dada hakuwepo sebuleni. Kwa desturi msichana hukaa ndani mpaka aitwe, kwa hiyo alikuwa chumbani nyuma ya pazia, amevaa gauni lake, anasikia kila kitu na haoni kitu.

Mambo yalikwenda vizuri. Wasemaji walisalimiana kwa mafumbo kwa muda wa nusu saa. Risasi mbili tatu zililia mbali, upande wa vilimani, mmoja wa wale wazee akasema leo wameanza mapema, na mazungumzo yakaendelea. Baba mdogo akakohoa. Akasema wana haja ya kurudi kabla ya saa ya amri ya kutotembea, kwa hiyo waingie kwenye jambo lenyewe, yaani tarehe. Mama akanikonyeza. Nikaona huo ndio wakati wa kuleta kitu kitamu, ili tarehe itoke vizuri.

Nikatoka na sinia. Nilikuwa nimewapanga ng'ombe wangu wanne kwa safu, wote wanatazama upande mmoja, upande wa wageni. Nikapiga goti kama nilivyofundishwa, nikanyoosha sinia mbele ya baba mdogo kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti yangu nzuri kabisa:

"Hizi ngombe ni zenu, baba. Karibuni muzichukue."

Akazitazama. Akahesabu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu, wanne. Akatazama baba mkubwa wangu. Halafu akatamka kile kiapo cha watu wa vilimani wakishtuka, cha kumtaja baba aliyekupa ng'ombe:

"Yampaye inka!"

Sikuelewa. Nilidhani anasifu. Nikatabasamu, nikamsogezea sinia zaidi.

Ni baba mkubwa niliyemwona kwanza. Uso wake ulikuwa umekauka. Baadaye alinifafanulia, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia, jambo ambalo kila mtoto wa kilimani analijua na mimi wa Bwiza sikuwahi kuambiwa. Ng'ombe wa mahari wakishaingia kwa wazazi wa binti, hawarudi. Kuna ng'ombe mwingine anayeweza kwenda upande wa mume siku moja, lakini huyo ni baada ya harusi, tena baadaye sana. Ukiwarudishia wakwe ng'ombe zao kabla ya harusi, hesabu ileile, kwa mikono miwili, umesema jambo moja tu: mwana wenu hatumtaki.

Shangazi ndiye aliyelisema.

"Tulileta ngombe ine," akamwambia baba mdogo taratibu. "Leo wanatupa ngombe ine. Mi naelewa. We hauelewi?"

"Apana, apana," baba mkubwa akaanza, "uyu mutoto alikuwa anapika tu..."

"Amesema muzichukue. Mi nimesikia na masikio yangu."

"Si ngombe!" nikapiga kelele, bado nimepiga goti. "Ni munyama wa baridi! Anavuta mzee kwenye tenga!" Neno la kigari cha theluji lilikuwa limenitoka kichwani. "Mzee wa ndevu!"

Wale wazee wawili wakatazamana. Mmoja akainama, akakagua sinia kwa makini, akasema kwa huruma, "Binti yangu, sisi ngombe tunajua." Mama naye akaona asaidie. Akaingia na Kirundi chake cha sokoni na kuapa kwamba ng'ombe hao ni wazuri, vilevile ni wapya, na kama hawawapendi anaweza kuongeza.

Baba mdogo akasimama. Shangazi akasimama, akachukua mkoba. Wale wazee wawili wakasimama na chupa zao. Baba mkubwa akashika kichwa. Mimi nilibaki chini na sinia mikononi. Niliona miaka mitatu ya dada inaondoka mlangoni, na mimi ndiye niliyeishika kwa mikono miwili na kuwakabidhi.

Pazia likafunguka.

Dada alitoka. Hakuitwa na mtu. Msichana kutoka chumbani bila kuitwa, mbele ya wakwe, ni aibu ambayo ingetosha yenyewe kuvunja harusi mbili. Alikuwa amevaa gauni lakini miguu peku. Alikuja moja kwa moja hadi nilipopiga goti, akachukua ng'ombe wa kwanza kwenye sinia, akamwuma kichwa.

Akatafuna.

Sasa lazima nikumbushe kwamba hawa ni wale wa unga wa mama. Wa tangawizi yote. Tena walikuwa wamelala usiku kucha na kukauka, wagumu kama vigae. Sebule nzima ilisikiliza: kacha, kacha, kacha. Na kula mbele ya wakwe! Kwetu mwenyeji mwenye heshima hali mbele ya wakwe, sembuse bibi harusi, sembuse amesimama. Dada alimaliza ng'ombe wa kwanza, pembe na kwato. Akachukua wa pili. Macho yakaanza kumtoka machozi kwa ukali wa tangawizi, pua ikamvuja, akaendelea. Alikuwa anamtazama shangazi muda wote. Wa tatu alimvunja mara mbili kwa mikono ili amwingize mdomoni. Mimi nilinong'ona, "Dada, basi," naye akanikanyaga kidole cha mguu.

Wa nne alimkwama. Alikohoa, akapiga kifua, akainama mpaka nikadhani tunampoteza kwa biskuti wakati risasi zimeshindwa. Ndipo mchumba wake alipovuka sebule, akapita mbele ya wazee wake wote, akampa glasi yake ya bia. Dada akanywa yote. Akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Ngombe wa kwetu," akasema kwa sauti iliyokwaruza, "hawarudi."

Shangazi alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye zile nyayo peku. Kisha akamgeukia mchumba.

"Uyu mwanamuke," akasema, "amekula ngombe ine, na amesimama. Utamulisha na mushahara gani?"

Yule mzee mwenye huruma ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka bia ikamwagika kwenye suruali. Mwenzake akafuata. Baba mdogo alijaribu kuzuia, mabega yakamsaliti, akaketi chini akifuta macho. Shangazi hakucheka, ila aliketi, na safari hii aliketi kwenye kiti chote. Baba mkubwa wangu, mtu wa fursa, akatangaza hapo hapo kwamba kama mnavyoona, ng'ombe wameingia zizini na mlango umefungwa, na sasa tuzungumze tarehe. Walipanga kwa dakika kumi, kwa sababu saa ya amri ilikuwa inakaribia. Jumamosi ya pili ya mwezi uliofuata. Shangazi alipokuwa anaondoka alinivuta pembeni akaniuliza kama zimebaki zingine. Nikamletea miguu mitupu, iliyobaki kwenye sahani, akaifunga kwenye leso.

Nilimkuta dada uani, anasukutua mdomo kwa maji ya bomba na kutema. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa. Nilistahili, na ningekuwa mwepesi wa kupokea. Nikaanza kuomba msamaha kwa maneno mengi, nikataja theluji, nikamtaja yule mama wa Kizungu, nikataja tangawizi ya mama. Dada akainua mkono ninyamaze.

"Mi nilikuwa nyuma ya pazia," akasema. "Nilisikia viti. Nilisikia wote wanasimama."

"Ndiyo. Walisimama."

"Na yeye? Na yeye alisimama?"

Hapo nikaelewa kwamba alipotoka chumbani peku na kula wale ng'ombe mmoja mmoja mbele ya ukoo mzima, hakuwa anajua kama yupo hata mtu mmoja upande wa pili anayemtaka. Nilikuwa chini na sinia, lakini macho yangu yalikuwa wazi, na nilimwona.

"Apana, dada," nikamwambia. "Alikaa. Alishika kiti kwa mikono miwili, hivi, na shangazi yake alikuwa anamuvuta koti."

Dada akaketi juu ya gunia la makaa na gauni lake jipya, akalia kwa sauti mbele yangu, na mimi nikaketi naye.